Gakunia na Kufuli: Siri Zetu Ziko Mikononi mwa Nani?

Wiki hii sina vichekesho. Nina story ya shosho mmoja, na imenikalia kichwani tangu Desemba ya mwaka juzi.

Nilikuwa nimeenda nyumbani, upande wa Runyenjes, Embu. Mradi wangu ulikuwa rahisi: kurekodi wazee wakisimulia mambo ya Hali ya Hatari. Wamebaki wachache. Na vitabu vingi tulivyosoma shuleni vikizungumzia Mau Mau vinazunguka Nyeri na Murang'a, halafu vinatutaja Embu na Meru kwa sentensi moja kana kwamba sisi tulikuwa tumelala.

Huyu shosho ana zaidi ya miaka 80. Alinikaribisha, akanipa chai, akaniangalia nikiiweka simu juu ya stuli. Kabla sijabonyeza kurekodi akaniuliza: "Mjukuu wangu, hii simu yako ikishasikia, itaenda kumwambia nani?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Hakuna mtu, shosho. Ni mimi tu."

Nilikuwa nadanganya. Shida ni kwamba hata mimi sikujua nadanganya.

Mtu wa gunia

Alinisimulia hivi. Alikuwa msichana mdogo. Siku moja walikusanywa wote uwanjani, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Mbele yao kulikuwa na mtu ameketi, amevalishwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, na gunia lina matundu mawili ya macho. Watu wakapita mbele yake mmoja mmoja. Gunia likitikisa kichwa, unaenda kando. Likitulia, unaenda nyumbani. Mjomba wake alienda kando. Alirudi baada ya miaka, na hakuwahi kuwa mtu yule yule.

Huyo mtu waliitwa gakunia, wale wa gunia dogo. Si kijiji kimoja tu kilichowaona. Serikali ya mkoloni ilitangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, chini ya Gavana Evelyn Baring, na gakunia wakawa chombo cha kazi kila mahali. Tarehe 24 Aprili 1954, jeshi lilipozingira Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil, maelfu ya watu walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa nyuso. Kutikisa kichwa mara moja kulitosha kukupeleka kizuizini bila kesi.

Shosho alinyamaza kidogo, halafu akaniambia: "Hadi leo hatujui alikuwa nani. Lakini kuna maboma mawili hapa tunayoyashuku, na hatuulizani. Watoto wao wameoana na wetu. Hayo usiyaweke kwa simu."

Lakini simu ilikuwa tayari imeyasikia.

Sisi tumeandikwa zamani

Watu wengi hufikiri mambo ya data yamekuja na simu janja. Jamani, mababu zetu walikuwa data kabla intaneti haijazaliwa. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika aliyetimiza umri alipewa karatasi yenye alama za vidole na rekodi ya kazi zake, akaivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Mwajiri aliweza kuandika hapo chochote kukuhusu, na wewe uliyeibeba hukuwa na la kusema.

Halafu ikaja Hali ya Hatari na kitabu cha kupita. Hiki kilikuwa cha makabila matatu pekee: Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maafisa walituunganisha kwa herufi tatu, KEM, na bila kitabu hicho hukuweza kutembea, kufanya kazi wala kupanda gari. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kutoka mashamba yao wakawekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng'enge. Mama zetu wa Embu na Meru walichimba kwa mikono mtaro mrefu pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ili chakula na habari visivuke.

Tuangalie neno hilo: habari. Mkoloni alikuwa na ndege na mizinga, lakini alijua vita hivi ni vya habari. Nani anajua nini, na amemwambia nani.

Siri ya msituni

Wapiganaji nao walijua hivyo. Kiapo kilikuwa cha kufunga mdomo. Wanawake na watoto walibeba ujumbe pamoja na chakula hadi ukingoni mwa msitu. Viongozi waliandikiana barua. Dedan Kimathi alisisitiza sana kuandika na kuweka kumbukumbu, na ndiyo maana nyingi ya hati zake ziliangukia mikononi mwa polisi. Huku kwetu Meru, Field Marshal Musa Mwariama alibaki msituni hadi uhuru ulipokuja mwaka 1963. Hawakumkamata.

Lakini tusijidanganye kwa sababu ni mashujaa wetu. Mfumo wao wa siri ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: siri ilikuwa ni mfumo wenyewe. Nani ni nani, njia ipi inapita wapi, chakula kinaachwa chini ya mti gani. Yote hayo yalikaa kwa vichwa vya watu. Akishikwa mmoja, njia nzima imekwisha.

Januari 1954 alikamatwa Waruhiu Itote, yule Jenerali China aliyeongoza majeshi ya Mlima Kenya. Alihojiwa kwa siku nyingi na Ian Henderson wa polisi, na serikali ikapata picha ya jinsi jeshi la mlimani lilivyopangwa. Mimi si mtu wa kumhukumu. Alikuwa mtu mmoja, amejeruhiwa, mikononi mwa adui, na hukumu ya kifo mbele yake. Ninachosema ni kwamba ukijenga siri ambayo inavunjika mtu mmoja akivunjika, umemwekea huyo mtu mzigo ambao binadamu hawezi kuubeba. Na umempa gakunia mmoja nguvu ya kummaliza kila mtu.

Mzee wa Kiholanzi na chumba cha Mombasa

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo historia inaungana na simu yako.

Mwaka 1883, mtaalamu wa lugha aliyezaliwa Uholanzi na kufundisha Ufaransa, Auguste Kerckhoffs, aliandika makala kuhusu siri za kijeshi. Alisema jambo lililoonekana kama wazimu. Mfumo wako wa kuficha ujumbe, alisema, lazima uwe salama hata adui akiupata mzima. Kitu pekee unachopaswa kuficha ni ufunguo. Ukiibiwa ufunguo, badilisha ufunguo, maisha yaendelee.

Yaani fundi wa kufuli hafichi jinsi kufuli zinavyotengenezwa. Nenda soko la Gakoromone pale Meru, kufuli zimetundikwa hadharani, mwizi anaweza kununua moja akaifungua vipande vipande nyumbani kwake. Bado hawezi kufungua mlango wako, kwa sababu ufunguo wako uko mfukoni mwako.

Na ukidhani haya ni mambo ya Wazungu huko kwao, rudi Mombasa mwaka 1942. Japani ilipoishambulia Ceylon, Waingereza walihamisha kikosi chao cha kuvunja siri za adui kikaja Kilindini, kikafanya kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Hapo Mombasa ndipo walipovunja JN-40, maandishi ya siri ya meli za biashara za Japani. Walipataje? Mtumaji wa Kijapani alisahau kutaja mahali meli ilipo, akautuma ujumbe ule ule tena, kwa ufunguo ule ule, sasa akiwa ameongeza yale aliyosahau. Wataalamu wakaweka karatasi mbili kando kwa kando, mlango ukafunguka.

Hilo ni kosa la ufunguo, si la kufuli. Kumbukeni hilo, maana litanirudia mimi mwenyewe.

Kufuli kwenye matatu ya Maua

Kwa miaka mingi tatizo lilibaki moja: ufunguo utaupelekaje? Chukulia uko Maua na dada yako yuko Embu. Unataka kumtumia karatasi ya siri kwa matatu. Unaifungia ndani ya sanduku, sawa, lakini dada ataifunguaje bila ufunguo? Ukituma ufunguo kwa matatu ile ile, makanga anao. Ni lazima mkutane kwanza. Na hamwezi kukutana na kila mtu mnayetaka kuongea naye.

Jibu lilipatikana mara mbili. Mara ya kwanza lilipatikana kwa siri. Mwaka 1973 kijana wa shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, aitwaye Clifford Cocks, alipata njia. Wakubwa wake wakaifungia kabatini hadi 1997. Miaka 24! Haikumsaidia mama yeyote wa Maua.

Mara ya pili lilipatikana hadharani. Mwaka 1976 Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walichapisha wazo lao kila mtu asome. Mwaka uliofuata watu watatu wa chuo cha MIT, Rivest, Shamir na Adleman, wakatengeneza njia ya kulitekeleza. Wazo lenyewe ni rahisi ukilifikiria kwa matatu. Dada yako anakutumia kufuli ikiwa wazi, ufunguo amebaki nao Embu. Wewe unaweka karatasi sandukuni, unabana kufuli, unatuma. Kuanzia hapo hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua. Makanga anaweza kulitikisa sanduku kuanzia Maua hadi Chuka hadi Embu, hataona kitu.

Hiyo ndiyo roho ya ile kufuli ndogo au yale maandishi ya HTTPS unayoyaona juu ya ukurasa ukifungua tovuti. Kitaalamu wanaita usimbaji fiche: maneno yanachanganywa kwa hesabu ili aliye katikati aone takataka tu. Kampuni ya Netscape ndiyo iliyoleta toleo la kwanza kwa umma mwaka 1995, watu walipotaka kununua vitu mtandaoni bila kuibiwa.

Lakini ngoja kidogo. Utajuaje kwamba ile kufuli iliyo wazi imetoka kwa dada yako kweli, na si makanga ameweka yake? Hapa ndipo unahitaji kitu kama barua ya chifu. Mtu anayeaminika anathibitisha kwamba kufuli hii ni ya fulani wa mahali fulani. Mtandaoni kuna mashirika yanayotoa vyeti hivyo. Na kama machifu, wengine huangusha watu. Mwaka 2011 kampuni ya Uholanzi, DigiNotar, iliingiliwa na wezi, vyeti bandia vya Google vikatolewa kwa jina lake, na watumiaji wa Iran wakapelelezwa. Kampuni ilifilisika mwezi Septemba mwaka huo huo.

Kosa langu

Sasa nirudi Runyenjes.

Nilikuwa nimefungua tovuti yangu ndogo ya kuhifadhi zile sauti za wazee. Nilichukua mahali pa bei ya chini kabisa. Haikuwa na HTTPS. Niliona neno "si salama" juu ya ukurasa kila siku, nikalizoea kama kelele ya bodaboda. Nilikuwa naingia kwa waifai ya bure mjini Embu, na paswadi ilikuwa moja kwa kila kitu: barua pepe, tovuti, ukurasa wangu wa video. Ufunguo mmoja, ujumbe mwingi. Yule mtumaji wa Kijapani wa 1942 angenitambua kama ndugu.

Baada ya wiki mbili sikuweza kuingia. Tovuti yangu ilikuwa inauza utabiri wa mechi, "odi za uhakika, tuma pesa kwanza". Ukurasa wangu wa video ulikuwa na picha ya mtu nisiyemjua.

Ukurasa niliurudisha baada ya siku kadhaa, na hiyo si kitu. Kilichonitoa jasho ni kwamba ndani ya faili nilizokuwa sijachapisha kulikuwa na sauti ya shosho, nzima, pamoja na sehemu aliyotaja yale maboma mawili. Sijui kama kuna mtu aliisikiliza. Pengine mwizi alitaka tu mahali pa kubandika tangazo lake. Lakini sitajua kamwe, na yeye pia hatajua.

Nilimvalisha gunia bila kujua. Si yeye tu, hata yale maboma mawili, ambayo pengine hayana hatia yoyote.

Nyaraka za usiku

Nilienda Meru kwa rafiki yangu anayesoma chuo kikuu pale Nchiru. Wanaotoka huko wanajua, Nchiru ndipo lilipo pia baraza la Njuri Ncheke, wazee wa Ameru. Baraza la siri za wazee na wanafunzi wa kompyuta ni majirani. Nilidhani atanipeleka kwa mtaalamu wa kulipwa. Akafungua kompyuta yake akaniambia, "Soma. Yote imeandikwa."

Na kweli imeandikwa. Kuna watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiandika maelezo ya usalama wa mtandao na kuyaacha wazi, bila malipo, yeyote ayasome na yeyote ayasahihishe. OWASP wameanza kazi hiyo tangu 2001. Mozilla, wale wa Firefox, wana mwongozo wa kupanga kufuli za seva, umegawanywa mara tatu: wa kisasa, wa kati, na wa zamani kwa wenye vifaa vizee. Inakuambia ni kufuli gani bado ni nzima na ipi imeshaoza uitupe. Na cheti chenyewe, ambacho zamani ulikilipia kila mwaka, tangu mwisho wa 2015 shirika lisilo la faida liitwalo Let's Encrypt linakitoa bure.

Tulikaa hadi saa nane usiku. Kufikia asubuhi tovuti yangu mpya ilikuwa na kufuli, kila akaunti ilikuwa na paswadi yake, na kuingia kulihitaji hatua ya pili kwa simu. Sikutumia hata shilingi, ukiondoa bando. Jambo lililonikasirisha ni hilo: dawa ilikuwa wazi siku zote, na mimi nilikuwa naipita.

"Si mnawafundisha wezi?"

Baba yangu aliniuliza hivyo nilipomweleza. Ukiandika wazi jinsi ulinzi unavyofanya kazi, si mwizi naye atasoma?

Atasoma, ndiyo. Na sitawadanganya kwamba uwazi ni uchawi. Aprili 2014 ilijulikana kwamba OpenSSL, programu huria iliyokuwa inalinda sehemu kubwa ya mtandao, ilikuwa na tundu lililoitwa Heartbleed. Tundu hilo lilikaa humo kama miaka miwili, huku msimbo wote uko hadharani. Kitu kuwa wazi haimaanishi kuna mtu anakiangalia.

Lakini angalia kilichofuata. Tundu lilipojulikana, kila mtu aliweza kuliona, kuliziba, na kuuliza kwa nini kazi kubwa hivyo ilikuwa imeachiwa watu wachache bila pesa. Sasa linganisha na faili zetu.

Nyumba ya Hanslope

Uhuru ulipokaribia, maafisa wa Uingereza walipewa maagizo ya kuchambua hati za koloni. Zile ambazo zingeiaibisha serikali yao hazikutakiwa kuachiwa Kenya huru. Nyingine zilichomwa. Nyingine zilipakiwa zikasafirishwa: faili 1,500 hivi kutoka Kenya. Kwa karibu miaka 50 serikali ya Uingereza haikuzitaja.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London kuhusu mateso waliyopata kizuizini. Mmoja wao, Jane Muthoni Mara, alieleza aliyotendewa katika kambi ya uchunguzi ya Gatithi alipokuwa bado msichana, katika sehemu ambayo wakati ule ilikuwa Wilaya ya Embu. Kambi za Mwea, ambako wafungwa walipigwa ili "walainike", zilikuwa pia katika wilaya hiyo. Ni kesi hiyo iliyoilazimisha serikali ya Uingereza, mwaka 2011, kukiri kwamba faili zipo. Zilikuwa Hanslope Park, pamoja na nyingine, jumla karibu 8,800 kutoka makoloni 37. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Na Hanslope Park ni wapi? Ni nyumba ile ile ambapo Alan Turing, mvunja siri mashuhuri wa Vita vya Pili, alifanyia kazi mashine ya kuficha sauti ya mtu anayeongea kwa simu. Yaani mahali pamoja: hapa wanatengeneza kufuli ya sauti za wakubwa, pale wamefungia kabatini kilio cha shosho zetu.

Nikiangalia historia hii yote naona jambo moja likijirudia. Wenye nguvu wametaka siku zote kutuona sisi wazi na wao wafunikwe. Mwananchi apite uwanjani uso wazi, aliye na gunia amwangalie. Kipande kiwe shingoni mwako, faili iwe Hanslope.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu

Njia ziwe wazi, funguo zibaki kwa mwenyewe. Serikali, kampuni, sako, shule, yeyote anayekusanya habari zetu atuonyeshe kufuli yake ni ya aina gani. Kama ni nzuri, haitaharibika kwa kuangaliwa. Ukiambiwa "ni salama lakini hatuwezi kueleza", kumbuka kabati.

Hili tumeanza kulipigania. Huduma Namba ilipokuja mwaka 2019, wananchi walienda kortini. Januari 2020 Mahakama Kuu ilizuia kuchukuliwa kwa DNA na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, ikataka sheria kamili kwanza. Oktoba 2021 mahakama ikasema kadi zilitolewa bila kupima madhara kwa data za watu, kinyume cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mjukuu wa aliyevaa kipande anaweza sasa kuuliza, "Mnaandika nini, na kwa nini?" Si jambo dogo.

Lakini pia sisi tujirekebishe. Kufuli ya HTTPS inakuambia njia ni salama, haikuambii uliye naye ni mwaminifu. Tapeli naye anapata cheti bure. Na yule anayekupigia akisema "nimetuma pesa kimakosa, nirudishie" hajavunja hesabu ya mtu yeyote. Amekuomba ufunguo na wewe umempa. PIN yako ya M-Pesa haina mjomba wala pasta.

Na la mwisho, ambalo linaniuma zaidi. Zile nyaraka nilizosoma Meru ni wazi kwa nani? Karibu zote tulizofungua ni Kiingereza kigumu. Kwa shosho wangu, kwa mama wa muguka kule Kiritiri anayepokea malipo kwa simu, kwa kijana wa miraa Maua, kitabu kilicho wazi kwa lugha usiyoijua ni kabati lingine tu. Rafiki yangu na mimi tumeanza kuandika kurasa fupi kwa Kiswahili: paswadi, hatua ya pili, jinsi ya kuangalia kufuli, nini cha kufanya ukiibiwa ukurasa. Tutazifuatisha na Kiembu na Kimeru tukipata wa kutusahihisha. Zitakuwa wazi. Mkiona kosa, tusahihisheni.

Kuhusu shosho. Nilirudi kwake Aprili na nikamwambia ukweli wote. Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama nimefunga sasa. Nikamwambia nimefunga, na nikaiondoa ile sehemu ya maboma mbele ya macho yake, nikamweleza hatua kwa hatua ninachofanya. Akaniuliza ufunguo uko na nani. Nikasema uko nami.

"Basi na mimi nipe mmoja," akasema.

Tuliandika neno la siri kwenye karatasi, akaikunja, akaifunga kwenye pembe ya leso yake mahali anapoweka pesa. Sauti yake haitafunguka bila neno hilo. Sijamwambia kwamba mimi pia nalikumbuka, nilikuwepo likiandikwa. Nikienda Desemba hii nitamwomba abadilishe, na safari hiyo nitageuka niangalie ukutani.